Nina watu 1,140 kwenye listi ya barua pepe, nusu wanafungua, mbona hakuna aliyenunua hata mchoro mmoja?

#1 BrashiKavu
Habarini wakuu. Naomba mnisaidie kwenye hili maana nalala nalo naamka nalo siku ya nane sasa.

Mi ni mchoraji, rangi za mafuta na mkaa. Miaka minne iliyopita kwenye maonyesho yangu ya kwanza niliweka daftari mlangoni, kalamu nimeifunga kwa uzi isitembee, mtu akipenda anaandika jina na barua pepe yake. Nikapata watu 63. Mengine yalikuwa hayasomeki, hujui hapa ni namba moja au ni herufi l, nikawa najaribu zote mbili mpaka moja inakubali. Hao 63 nikawa nawaandikia mwenyewe kila nikimaliza kazi, na barua ya nne tu nikauza michoro mitatu. Mitatu kwa watu 63!

Nikasema sasa nikuze hii kitu kisawasawa. Nikafungua akaunti kwenye programu ya kutuma barua kwa wingi, nikaweka fomu kwenye tovuti, nikaendesha bahati nasibu, acha barua pepe yako ushinde mchoro. Leo nina watu 1,140. Wiki iliyopita nimetuma barua ya michoro mipya 12, programu inaniambia waliofungua ni asilimia 54. Waliobonyeza linki 9. Walionunua hakuna. Aliyejibu hata neno moja hakuna, wawili wakajiondoa.

Tatizo ni barua, ni watu, au barua pepe yenyewe imeshapitwa na wakati? Nambieni ukweli tu, sitaumia.

#2 GitaaLaUsiku
Barua pepe imekufa mkuu. Nani anafungua barua pepe kama si ya kazini au ya benki? Mi napiga gitaa, watu wangu wote nawapata kwenye video fupi, napiga sekunde 30 asubuhi jioni watu elfu kadhaa wameshaona. Hamia huko, unajichosha bure.

#3 SevaMama
Karibu Brashi. Kabla hatujafika mbali, hiyo asilimia 54 itoe kichwani kabisa, haikuambii kitu.

Programu inajuaje barua imefunguliwa? Inaficha kapicha ka nukta moja ndani ya barua, kakipakuliwa kutoka seva yao basi inaandika fulani kafungua. Tangu Septemba 2021, iOS 15 (mfumo wa simu za iPhone) ilipotoka, Apple wameweka ulinzi wa faragha kwenye programu yao ya barua, mtu akiuwasha zile picha zinapakuliwa zenyewe kimyakimya hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Kwa hiyo kila mwenye iPhone anayesoma barua kwa hiyo programu anaweza kuonekana kafungua na yeye yuko usingizini. Huenda waliosoma kweli ni 150, huenda 300, namba hiyo haiwezi kukwambia.

Shika waliobonyeza na waliojibu. Na hata kwenye kubonyeza angalia vizuri, anuani za maofisini zina mitambo ya usalama inayobonyeza linki zote kuzikagua kabla mtu hajaiona barua. Ukiona linki zote zimebonyezwa sekunde ileile barua ilipofika, huyo si binadamu.

#4 MamaRangi
Mi naona jibu umeliandika mwenyewe mwanangu, ni ile bahati nasibu. Waliokuja walikuja kushinda kitu cha bure, hawakuja kwa ajili yako. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili wa kuuza vinyago vya karatasi, wakaingia watu kama 500 ndani ya siku tano nikafurahi kweli, mwaka mzima baadaye nikapitia majina ya walionunua nikilinganisha na hao 500. Hakuna hata mmoja. Wale 63 walitembea kwa miguu yao wakaingia kwenye chumba, wakasimama mbele ya kazi yako, wakashika kalamu. Utawafananishaje na mtu aliyebonyeza kitufe akiwa anasubiri foleni?

#5 BrashiKavu
Asanteni sana. @SevaMama nimeenda kuangalia, kati ya waliobonyeza 9, wanne wamebonyeza linki zote 14 dakika ileile barua imetoka. Kwa hiyo ni watano?? Daah.

@MamaRangi shikamoo mama. Bahati nasibu ilileta kama 800 hivi. Inauma ila naelewa.

#6 KameraMoja
Swali dogo, unatuma kutoka anuani gani? Ya bure au ya domeni yako mwenyewe, yaani jina lako la tovuti baada ya @?

#7 BrashiKavu
Ya bure mkuu, ileile ya gmail niliyoanza nayo tangu enzi za daftari.

#8 KameraMoja
Basi nyie wote mnahangaika na watu, kosa ni hilo hapo. Barua haifiki. Programu ya kutuma kwa wingi inatumia seva zake lakini juu ya barua imeandikwa inatoka gmail.com, mpokeaji anaona mtu anajifanya Google. Yahoo toka Aprili 2014 waliagiza seva zote zikatae barua inayodai kutoka yahoo.com kama haijapita kwao, na mwongozo wa Google nao unakataza kuigiza anuani za gmail. Mi napiga picha za harusi na za mandhari, nilikaa miezi sita nadhani watu wamenichoka kumbe barua zangu zote zinaangukia kwenye folda ya barua taka. Nikanunua domeni, nikaweka SPF na DKIM, vithibitisho kwamba barua ni yangu kweli, mwezi uliofuata watu wakaanza kujibu, mmoja akaniuliza ulikuwa wapi siku zote hizi.

#9 SevaMama
Kamera hapo umepiga penyewe. Tena Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, lazima uwe na SPF, DKIM na DMARC, na kitufe cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja.

#10 NyuziNaSindano
Hizo sheria si za wanaotuma barua 5,000 kwa siku? Brashi ana 1,140 na anatuma mara moja moja, hazimhusu.

#11 SevaMama
@NyuziNaSindano nusu uko sawa na mimi nimeandika kwa haraka. Anayetuma 5,000 na zaidi kwa siku kwenda gmail ndiye anadaiwa vyote, SPF na DKIM kwa pamoja, DMARC na kujiondoa kwa mbonyezo mmoja. Ila mtumaji mdogo naye anadaiwa angalau kimoja, SPF au DKIM, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Sasa piga hesabu, asilimia 0.3 ni watu watatu kwa kila elfu. Kwenye listi ya Brashi wakibonyeza watu wanne tu kwamba hii ni barua taka ameshavuka. Watu wanne! Na watu wa bahati nasibu ndio wepesi wa kubonyeza hapo kwa sababu hata hawakumbuki wewe ni nani.

Kwa asiyejua haya majina, SPF ni orodha unayoiweka kwenye domeni yako kwamba seva hizi ndizo zenye ruhusa kutuma kwa jina langu. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua, mpokeaji akiukagua anajua haijachezewa njiani. DMARC ni agizo lako kwa wapokeaji, barua ikikosa hivyo viwili muifanye nini, muipokee, muiweke pembeni au muikatae. Ni kazi ya mchana mmoja, mwenye programu yako anakupa maandishi ya kubandika.

#12 MzeeWaUdongo
Wote mnaongea mambo ya mabomba na maji yanayopita ndani hamjayaonja. Brashi, bandika hapa hiyo barua tuione.

#13 BrashiKavu
Shikamoo mzee. Kichwa cha barua kilikuwa: MKUSANYIKO MPYA UMEWASILI! USIKOSE!

Halafu ndani: "Habari mpenzi wa sanaa, tunayo furaha kubwa kukutangazia kwamba mkusanyiko wetu mpya wa kazi 12 za kipekee sasa unapatikana. Kila kazi imebuniwa kwa ustadi wa hali ya juu ili kuipa nyumba yako mvuto usio na kifani. Idadi ni chache! Bonyeza hapa kununua sasa."

Chini yake picha moja kubwa niliyoitengeneza yenye michoro yote 12, majina na bei zimo ndani ya picha humohumo.

#14 MzeeWaUdongo
Marahaba. Sasa nikuulize, "tunayo furaha" nyie mko wangapi humo studio? "Mpenzi wa sanaa" ndiye nani, hana jina? Hivi wale 63 uliwaandikia hivi?

#15 BrashiKavu
Hapana mzee. Nimetafuta ile ya zamani. Kichwa kilikuwa "Ule wa mwanamke na taa nimeumaliza". Ndani niliandika: "Dada, siku ile ulisimama mbele ya mchoro ambao haujaisha ukaniuliza kwa nini uso umeachwa mweupe. Nilikuwa sijui. Nimekaa nao wiki sita, nikachora mikono kwanza, nikagundua taa iko upande usio sahihi nikaifuta yote kwa kitambaa nikaanza upya. Picha yake hii hapa. Ukitaka kuuona kabla sijauweka popote niambie." Wengine nilibadilisha sentensi ya kwanza tu.

#16 MzeeWaUdongo
Sina la kuongeza.

Au ninalo. Mimi ni mfinyanzi, nimeuza vyungu miaka mingi kabla ya hizi intaneti zenu. Mteja ananunua chungu lakini anachosimulia wageni wake ni siku ile tanuri lilipopasua vyungu vinane kikabaki hiki. Hiyo simulizi ndiyo umeitoa ukaweka ustadi wa hali ya juu.

#17 KameraMoja
Mzee naheshimu ila barua nzuri iliyoko kwenye folda ya barua taka haisomwi na mtu. Na hiyo picha moja kubwa ni kosa lingine, vichujio vinashuku barua yenye picha bila maandishi, na mtu aliyezima picha anaona boksi tupu. Halafu Gmail inakata barua ikizidi KB (kilobaiti) 102 kwa hiyo hiyo picha yako lazima imekatwa.

#18 SevaMama
Hapana Kamera, KB 102 ni za msimbo wa barua yenyewe, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda, picha zinakaa seva nyingine hazihesabiwi. Kinachojaza huo msimbo ni vile violezo vya mapambo, safu tatu, vitufe vya rangi, na kubandika maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia yakaja na takataka zake. Na ubaya wa kukatwa ni kwamba linki ya kujiondoa iko chini kabisa, ikifichwa mtu anatafuta pa kutokea hapaoni, anabonyeza barua taka. Hapo unarudi kwenye wale wanne wangu.

Lakini kwenye maandishi ndani ya picha uko sawa kabisa. Bei na majina viandikwe kama maandishi, na kila picha iwe na maelezo yake ya maneno, kuna wanaosomewa skrini kwa sauti.

#19 GitaaLaUsiku
Naona mmezama ila hamjanijibu. Mchana kutwa mnahangaika na mihuri na KB za watu 1,140, mi nina wafuasi 22,000. Nani yuko mbele?

#20 NyuziNaSindano
Mdogo wangu Gitaa nakupenda ila sikiliza. Hao 22,000 unao wewe au anao mwenye jukwaa? Ukiposti leo unaamua wewe nani aone?

Mi nafuma vitambaa vya ukutani. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa muda wa karibu masaa sita dunia nzima, na siku hiyo jioni ndiyo nilikuwa nafungua mauzo ya kazi za mwaka mzima, nimetangaza wiki tatu kwamba nitaweka linki kwenye ukurasa. Ukurasa haupo. Nikakaa nashika simu mkononi sijui niite nani. Nilikuwa na anuani 88 za barua pepe nilizokusanya shingo upande kwa sababu dada yangu alinisumbua, nikawaandikia mistari minne, kwamba mitandao imelala ila vitambaa vipo, linki hii hapa. Nikauza vitano usiku ule. Toka siku hiyo sibishani tena na mtu juu ya barua pepe.

#21 KinubiKipya
Naunga mkono. Na wanamuziki ndio tumepigwa zaidi kwenye hili. Mtu anasikiliza wimbo wako mara 400 kwenye Spotify na huwezi kumwandikia hata asante, humjui. Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, angalau mnunuzi akikubali unapata barua pepe yake na unaweza kuipakua listi nzima ukaondoka nayo. Na mnakumbuka MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani? Machi 2019 wakasema nyimbo zilizopandishwa tangu 2003 mpaka 2015 zimepotea wakati wanahamisha seva. Kuna rafiki zangu kazi zao za kwanza zilikuwa huko tu, na mashabiki walikuwa huko tu.

Ila tukubali barua pepe nayo ina doa lake toka kuzaliwa, aliyeigundua ndiye huyohuyo aliyetuma tangazo la kwanza kwa watu wasiomjua, Gary Thuerk 1978.

#22 SevaMama
Kinubi umechanganya watu wawili. Barua ya kwanza kupita kwenye mtandao kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ni ya Ray Tomlinson, 1971, na yeye ndiye aliyechagua ile alama ya @. Gary Thuerk alikuwa muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital, ndiye aliyetuma lile tangazo 1978 kwa watu kama 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, bila kuwaomba. Watu walikasirika sana, na bado alidai baadaye kwamba liliwauzia kompyuta.

#23 KinubiKipya
Asante kwa kunirekebisha. Kwa hiyo tangazo lililochukiwa liliuza, na la Brashi ambalo halijachukiwa na mtu halijauza. Hapo mtaniambia nini?

#24 MamaRangi
Tutakwambia wale 400 walikuwa watu wa kompyuta wanaambiwa habari za kompyuta. Tunarudi palepale pangu, ni nani yuko kwenye listi. Brashi, kati ya hao 1,140 wachoraji wenzako ni wangapi?

#25 BrashiKavu
Sijawahi kuhesabu mama. Ngoja nipitie.

...Nimepitia majina ninayoyatambua tu, nimefika 140 nikaacha. Wengi ni wasanii wenzangu, walimu wangu wa zamani, na watu wa majumba ya sanaa. Wanafurahia kazi yangu ila mchoraji ananunua turubai hanunui mchoro.

#26 ShairiHai
Nimekuwa nasoma kimya. Naandika mashairi na ninauza vijitabu navishona mwenyewe. Mbona hakuna aliyemuuliza Brashi anatuma mara ngapi?

#27 BrashiKavu
Mwaka huu hii ni ya pili. Naogopa kuwasumbua watu.

#28 ShairiHai
Hilo ndilo mimi nalishuku kuliko yote. Mtu alijiandikisha mwezi wa pili, barua inakuja mwezi wa tisa, ameshakusahau. Mi natuma kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, shairi moja na habari moja ya mezani kwangu, mara nyingi hakuna cha kununua kabisa. Mwaka wa kwanza nilidhani naongea na ukuta. Mwaka wa pili mtu mmoja akaniandikia kwamba anasubiri Jumapili hiyo aisome na mama yake hospitalini. Nikitoa kijitabu sasa sihitaji kubembeleza, barua moja tu.

Na yule anayejiandikisha leo anapata barua ya kumkaribisha dakika hiyohiyo, imo mimi ni nani na nitamwandikia lini. Joto la mtu liko siku anayojiandikisha, usilipoteze.

#29 MamaRangi
Shairi hapo tunatofautiana. Wewe una shairi jipya kila mwezi, mchoraji wa mafuta anaweza kukaa miezi minne na turubai moja. Akilazimisha kila mwezi ataanza kuandika maneno matupu, watu watamzoea kama kelele. Mi natuma mara nne kwa mwaka na nauza.

#30 ShairiHai
Mama, ile barua yake ya mwanamke na taa aliiandika kabla mchoro haujauzwa, na habari ya kufuta taa kwa kitambaa ilikuwa ya katikati ya kazi. Si lazima kazi iishe ndipo uandike. Ila nakubali kwamba kulazimisha ni kubaya.

#31 KameraMoja
Jamani na bado anatuma kutoka gmail ya bure. Naendelea kusema.

#32 MzeeWaUdongo
Kamera tumekusikia. Umegonga huo mlango mpaka bawaba zimelegea.

#33 NyuziNaSindano
Kuna la sheria pia, na listi ya Brashi ya bahati nasibu inanipa wasiwasi. Marekani wana sheria toka 2003, CAN-SPAM, barua ya biashara lazima iwe na njia ya kujiondoa, na mtu akijiondoa una siku 10 za kazi uwe umeacha kumtumia, na lazima uweke anuani ya posta inayofanya kazi. Ulaya GDPR, sheria ya kulinda taarifa za watu, ilianza kutumika Mei 2018, kule ridhaa lazima iwe wazi, mtu ajue anakubali nini. Ukimwandikia mtu aliyeko huko zinaweza kukugusa hata kama wewe hauko huko. Sasa mtu alijiandikisha kushinda mchoro, je, aliambiwa atakuwa anatumiwa barua za mauzo?

#34 BrashiKavu
Niliandika kwa herufi ndogo chini ya fomu. Nikiwa mkweli hakuna aliyeisoma.

#35 NyuziNaSindano
Basi hao ni wa kuwauliza upya kabla ya chochote.

Na kwenye ile anuani ya posta nataka niseme kitu hasa kwa kina dada. Miaka miwili nilikuwa naweka anuani ya nyumbani kwangu chini ya kila barua kwa sababu programu inalazimisha ujaze. Siku moja mtu kabisha hodi, mgeni kabisa, anasema anapenda vitambaa vyangu. Hakufanya ubaya wowote, aliondoka vizuri. Ila nililala na taa imewaka wiki nzima. Sheria ya Marekani inakubali sanduku la posta. Wekeni sanduku la posta.

#36 MamaRangi
Pole sana mwanangu. Hilo nalifanyia kazi leoleo.

#37 GitaaLaUsiku
Pole dada. Hilo halikunijia akilini kabisa.

#38 KinubiKipya
Swali la pembeni. Wanaouza kupitia majumba ya sanaa, mnapata majina ya walionunua?

#39 BrashiKavu
Mimi hapana. Kuna jumba moja liliuza kazi zangu sita kwa miaka miwili, niliomba majina angalau niandike kadi ya asante, wakasema wateja ni wao. Kazi sita ziko kwenye kuta za watu na sijui hata mmoja ni nani.

#40 MzeeWaUdongo
Hilo linaandikwa kwenye mkataba kabla ya kazi kutoka mkononi mwako. Si wote watakubali. Mimi nilichofanya, ndani ya kila chungu naweka kikaratasi, nimeandika kwa mkono udongo umechimbwa wapi na namna ya kukiosha, na chini anuani yangu ya barua pepe, kikipasuka au ukitaka kuniambia kilipo niandikie. Jumba linauza, kikaratasi kinasafiri nacho. Wanaandika. Si wengi, lakini anayeandika ameshakilipia chungu.

#41 KameraMoja
Mzee hiyo naiba, nyuma ya fremu kuna nafasi kubwa tu.

#42 BrashiKavu
Wakuu narudi na habari, siku kumi zimepita. Nimefanya mambo mawili. Nimenunua domeni na kuweka ile mihuri, Kamera ashukuriwe. Halafu nikalitoa lile daftari kabatini, nikachagua watu 14 kati ya wale 63, wakiwemo watatu walionunua, nikawaandikia mmoja mmoja kwa mkono wangu.

Wamejibu saba. Mmoja ni yule dada wa mwanamke na taa. Ameniambia ameutundika mkabala na ngazi, mwanawe mdogo kila usiku akipanda kulala anapitisha kidole kwenye ile mikono, kioo kimebaki na alama za vidole na hataki kuifuta. Halafu mwisho akauliza, "umeacha kuchora kwa mkaa?"

Nikaangalia ile michoro 12. Yote ni mafuta, hakuna hata mmoja wa mkaa. Na mitatu niliyouza kipindi kile yote ni mkaa.

#43 MamaRangi
Eeh! Sasa hilo nani alilitaja humu?

#44 SevaMama
Hakuna. Ila tusikimbilie, huyo ni mtu mmoja. Na safari hii umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, domeni, watu, na namna ya kuandika, huwezi kujua kipi kimeleta hayo majibu saba. Tuma barua yenye kazi mbili za mkaa kwa nusu ya listi na mbili za mafuta kwa nusu nyingine, siku moja, tuone.

#45 ShairiHai
SevaMama, watu saba wamemjibu baada ya kimya cha miaka, mwache afurahi kwanza.

#46 SevaMama
Nimefurahi naye kweli kabisa. Alama za vidole kwenye kioo zimenishika. Ila bado nataka ajue.

#47 GitaaLaUsiku
Nami nina swali na naomba msinikumbushe post yangu ya #2. Kwenye shoo watu wamesimama, giza, kelele, hakuna meza ya daftari. Mnakusanyaje barua pepe?

#48 KinubiKipya
Nyimbo mbili kabla ya mwisho, si baada. Mwisho watu wanakimbilia mlangoni. Sema kwa mdomo wako utawatumia nini, mfano rekodi ya usiku huohuo, na kesho yake uitume kweli. Msimbo wa kupiga picha kwa simu uwe mkubwa nyuma yako, na mtu mmoja awe mlangoni na daftari kwa ambao simu zimezima.

#49 NyuziNaSindano
Na mwandike kwa herufi kubwa zilizoachana. Hiyo namba moja na herufi l itakutesa.

#50 BrashiKavu
Ile ya kugawa nusu kwa nusu nitaifanya, ila wa bahati nasibu nimeshawafuta jana usiku, 800 wote.

#51 SevaMama
Brashi!! Tulisema uwaulize upya kwanza. Ulihifadhi nakala?

#52 BrashiKavu
Faili lipo kwenye kompyuta.

#53 SevaMama
Afadhali. Wapelekee barua moja tu, uliza nani anataka kubaki, na safari hii weka picha ya mkaa juu.